Kandambili Chini ya Misumari

Nyinyi batoto mnaopanda juu ya nyumba siku hizi na misumari iliyotoka dukani ikiwa na mpira wake shingoni, mnanichekesha. Mnadhani msumari na mpira walizaliwa mapacha. Wakati wetu hapa Baraka msumari ulikuja uchi, na usipouwekea kitu laini chini ya kichwa chake, mvua inashuka nao mpaka kwenye sahani ya ugali. Mpira tuliutafuta wenyewe. Tulikata kandambili zilizochakaa, vipande vya upana wa kidole gumba, tukatoboa katikati.

Nimepaua nyumba tangu Nundu mpaka Kazimia, miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na hakuna aliyenistaafisha isipokuwa magoti yangu. Ngazi yangu mnaiona pale, mwanangu ameifunga kwa mnyororo kama mbuzi mwizi. Kaeni basi. Nimewaita kwa sababu nina haja na mmoja wenu, lakini haja yenyewe haieleweki mpaka muijue nyumba ya Mama Riziki, ambayo mi mwenyewe nusura niiue kwa mikono hii.

Kwanza kazi, maana wengine wenu mnaharibu mabati ya watu. Msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati, hapana kwenye bonde. Maji yanapita bondeni, na ukitoboa bondeni umeyafungulia mlango. Ukitembea juu, kanyaga penye misumari, kwa kuwa chini yake kuna mbao. Na anza kupanga upande ule ambao mvua haitokei, ili bati la mwisho liwalalie wenzake na upepo ukose mahali pa kuingiza ukucha.

Mimi mara ya kwanza nilianza upande usiofaa. Upepo wa ziwa ulikuja saa tisa ya mchana, ukafunua mabati matatu, na moja likatua kwenye sufuria ya maharagi ya bamama wa kwaya. Mwalimu wangu, mze Wilondja, hakunipiga. Alinikalisha chini, nikala yale maharagi na mchanga wake mbele ya kwaya nzima, na walikuwa wengi.

Mze Wilondja alikuwa mtu mfupi, mkali, na alishika misumari mdomoni akasema nayo humohumo, hata hujui kama anakuita au anakutemea. Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya kandambili. Tukifika kwenye nyumba mpya, kabla hajagusa bati, alimwita mwenye nyumba na bibi yake.

"Muniletee kandambili zenu zilizokufa," aliwaambia. "Za baba, za mama, za batoto. Ya jirani mi sitaki."

Nikamuuliza siku moja, mpira si mpira tu?

"Nyumba inapashwa kujua miguu ya bantu yake," akasema.

"Na nikiweka ya mtu mwingine, nitaona nini?"

"Hautaona kitu. Utasikia."

Sasa msije mkaenda kusema fundi amekuwa mganga. Najua vizuri kwa nini bati linalia. Jua likilipiga linajinyoosha, wingu likipita linajikunja, mpira unalishika kidogo kisha unaliachia, tk. Kila nyumba ya manjanja, ya mabati, inalia hivyo, hata ya kanisa. Nilijiambia maneno hayo miaka mingi, na kwa nyumba nyingi yalitosha.

Lakini kuna kazi ya pili ya fundi wa paa ambayo hakuna anayejivunia, na mtaitiwa, kwa hiyo ni heri muisikie kwangu. Kwetu watu wakiachana, ugomvi wa kwanza ni wa batoto, wa pili ni wa manjanja. Ukuta haubebeki. Bati linabebeka. Mwanaume anasema: mi nilinunua manjanja, yeye alifyatua matofali, basi abaki na matofali yake. Masikioni inaonekana haki. Ila matofali yenyewe ni mabichi, ya udongo usiochomwa, na nyumba ya udongo bila paa inadumu mpaka mvua ya kwanza ya maana. Kutoa paa ni kuua nyumba, tena polepole, mwenyewe akiangalia.

Na sauti yake ni nyingine. Msumari unaoingia unagonga. Msumari unaotoka unalia. Bamama wa avenyu nzima wanaijua ile sauti, wanatoka kuangalia ni zamu ya nani.

Mara ya kwanza niliifanya Nundu. Mwanaume alimwacha bibi yake, Mama Faida, akataka manjanja yake yapelekwe Kazimia, kwa nyumba aliyomjengea mwanamke mpya. Nilikuwa fundi kijana, najiona. Nikaandika namba kwa makaa kwenye kila bati, moja mpaka ishirini na nne, ili nikayapange kulekule jinsi yalivyokuwa, na matundu ya zamani yapate misumari yake. Hata vile vipande vya kandambili nilivitia ndani ya mfuko, maana mpira mzuri hautupwi. Mama Faida alisimama uani akinitazama mpaka nilipofunga mzigo. Hakulia. Alisema neno moja tu.

"Fundi, unirudishie kandambili zangu."

Nilicheka. Nilidhani uchungu umemchanganya. Nikapakia mabati kwenye mtumbwi, nikaenda.

Hazikupita wiki tatu, yule mwanamke mpya wa Kazimia akanitumia mtu. Nikafika saa sita ya mchana, jua limesimama. Alikuwa amekaa nje, mahali pasipo kivuli, na watu wa kwetu hawakai juani bila sababu. Akaniambia niingie nisikilize. Nikaingia. Juu ya kichwa changu mtu alikuwa anatembea. Hatua nzito, za mtu mzima asiye na haraka, zikatoka upande wa kulala, zikapita sebuleni, zikasimama juu ya kitanda cha mtoto. Zikakaa pale kidogo. Ikasikika kama mtu anafuta miguu. Kisha zikarudi.

"Kwa nini anasimama pale?" yule mwanamke akaniuliza. "Kila siku ni pale kwa mtoto."

Jibu nililijua. Nyumba ya Nundu niliikumbuka vizuri. Mahali pale, chini ya bati la kumi na saba, kule Nundu palikuwa na mlango. Mama Faida alikuwa anakwenda mlangoni kwake, anafuta miguu, anarudi. Mi ndiye niliyempangia njia kwa namba zangu za makaa.

Nilitoa vile vipande vyote, nikaweka vya kandambili za yule mwanamke na mtoto wake, na kelele ikaisha. Nikachukua mfuko nikaenda Nundu kumrudishia mwenyewe. Nikakuta nyumba imeshayeyuka. Palikuwa na kichuguu cha udongo, na fremu ya mlango imesimama peke yake katikati. Mama Faida alikuwa amekwenda kwa kaka yake, hakuna aliyejua upande gani. Mfuko nikauzika penye ile fremu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja mapema, akakaa.

Niliapa sitatoa tena paa la mtu. Sasa sikieni nilivyokivunja kiapo changu.

Mama Riziki mnamjua, yule anayeuza ndakala, dagaa wa ziwa letu, karibu na njia ya kwenda Lusenda. Nyumba yake niliipaua mimi. Siku ile ya kupaua mzee wake, Baba Riziki, alikuwa mtu wa furaha, anapanda na kushuka ngazi bila kazi yoyote. Walileta kandambili zao: za baba nyeusi, za mama za bluu, na pea moja ndogo nyekundu ya mtoto, Riziki, aliyekuwa ameanza tu kutembea na kukimbia uani. Zilikuwa zimembana, lakini alizipenda, kwa sababu kila moja ilikuwa na nyota iliyochorwa kwenye kisigino. Baba yake alipoanza kuzikata kwa kisu, mtoto akalia kilio cha kuita majirani. Baba Riziki akamweka mabegani, akapanda naye mpaka juu, akamwonyesha ziwa lote.

"Usilie, mama," akamwambia. "Sasa wewe utatembea juu ya nyumba yetu."

Wote tulicheka. Vile vipande viwili vya nyota nilivipiga mwenyewe juu kabisa, kimoja huku na kimoja huku ya kofia ya nyumba. Mwaka uliofuata homa ikamchukua Riziki kwa siku mbili, tukamzika. Baba yake akakaa kimya miezi, kisha akaenda kuchimba dhahabu upande wa Misisi. Akawa anarudi, halafu anarudi kwa shida, halafu akawa na mwanamke mwingine.

Mama Riziki alianza kunitembelea kabla ya kesi ya talaka. Anakaa hapo ulipokaa wewe, beseni ya ndakala magotini.

"Fundi, mi siogope kuachwa," akaniambia siku moja. "Kuachwa, niliisha kuachwa zamani, tangu alienda Misisi. Mi naogopa nyumba."

"Watagawa tu, mama. Kuna sheria."

"Yeye anasema aliijenga mbele ya kunioa. Anasema mi nilikuya nikaikuta. Karatasi ya parsele, ya kiwanja, iko na jina lake moja. Bajirani ba wakati ile bote balivuka ziwa, bengine balikufa. Nani atanisemea?" Akageuza beseni magotini. "Na mama yangu iko mule ndani. Haoni. Ile nyumba anaijua kwa mikono, ukuta kwa ukuta. Nikimuhamisha atakufa akitafuta ukuta."

Hofu yake niliiona ikimla. Aliacha kwenda mbali kutafuta ndakala. Saa sita ya mchana aliacha biashara akarudi mbio kuangalia kama nyumba ingali nzima. Aliniambia akifika penye kona ya njia, kabla ya kitu kingine, anatafuta mng'ao wa manjanja kati ya migomba. Akiuona ndiyo anapumua. Siku za mawingu, bati likiwa halingʼai, anafika nyumbani jasho linamtoka.

Baada yake akanijia Baba Riziki. Alikuja na ile karatasi, akaifungua mezani. Kesi ingesikilizwa mwezi unaofuata, na yeye alitaka paa litoke kabla.

"Nyumba bila paa si nyumba," akasema. "Batakuta kuta tu. Bagawe kuta. Aliyefunga ndiye anajua kufungua, fundi, njo maana nimekuya kwako."

Nilikubali. Msinitazame hivyo. Nilijiambia karatasi ina jina lake. Nilijiambia nikikataa ataita fundi mwingine mjinga, apasue mbao. Fundi hakosi uongo wa kujiambia, huo mmoja nimewapa bure.

Nikaenda asubuhi ambayo Mama Riziki alikuwa ziwani. Bibi mzee, yule mama yake asiyeona, alikuwa ndani. Mi nikavua viatu ili asinisikie. Nimefanya mengi, ila nikikumbuka kwamba nilimnyemelea kikongwe kipofu na nyundo mkononi, uso wangu unawaka mpaka leo.

Nikaanza juu, kwenye kofia. Msumari wa kwanza ukalia ukatoka. Chini ya kichwa chake, mwekundu vilevile kwa sababu jua halikuufikia, ukatoka mpira wenye nyota. Nikabaki nimeushika. Ndipo nikasikia nyuma yangu hatua. Ndogo, za haraka, za mtoto anayekimbia akajizuia. Nilikwenda hatua mbili upande wa ngazi, nazo zikaja mbili. Nikasimama, zikasimama. Nikajisemea: jua, bati, mpira. Nikatazama juu. Jua halikuwepo, asubuhi yote ilikuwa ya wingu zito, na bati chini ya nyayo zangu lilikuwa baridi.

Chini ndani ya nyumba bibi mzee akasema, taratibu, kama mtu anayemkanya mjukuu wa kila siku:

"Riziki, shuka. Utavunja mguu." Kisha akaongeza: "Na ule muntu unamufuata, umwambie naye ashuke."

Nikarudisha nyota mahali pake, nikarudisha msumari kwenye tundu lake, nikashuka. Niliondoka mbio hata nikaacha viatu vyangu pale pale. Mama Riziki aliviokota jioni, akaniletea. Aliviweka mlangoni kwangu akasimama. Alijua ni viatu vya nani na vilifuata nini kwake.

"Hata wewe, fundi," akasema.

Nikamwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, magoti haya haya. Nikamwambia nitamsemea.

Kwenye kesi nilisema yote: niliipaua mimi, mke alikuwepo, mtoto alikuwa anakimbia. Baba Riziki akainuka, akasema kwa heshima kabisa kwamba fundi anakula ndakala za huyu mama kila siku, na muntu hasemi vibaya juu ya chungu anachokula. Watu wakacheka. Hakimu akaniuliza kama nina karatasi. Fundi wa wakati wangu, karatasi ya nini? Nikamwambia: karatasi yangu iko juu ya nyumba, mheshimiwa, imepigwa misumari. Ndipo nikaeleza habari ya kandambili. Akasema basi tutakwenda kuiona.

Walikuja siku ya mawingu tena, hakuna jua, hakuna upepo, hata migomba haikutikisika. Hakimu, karani wake, shefu wa avenyu, na Baba Riziki amesimama mbali kidogo, mikono nyuma. Mama Riziki alimtoa mama yake nje akamkalisha kwenye kiti. Mi nikapanda.

Kwanza niliwaonyesha matundu. Hili mlijue, litawafaa: bati halisahau. Likipigwa mara mbili lina matundu mawili kwa kila mahali, hata uzibe na nini. Haya yalikuwa na tundu moja moja. Paa lilikuwa halijawahi kubadilishwa tangu siku ya kwanza, basi mpira ulio chini ya misumari ni wa siku ile, na shefu alipanda akahesabu mwenyewe. Kisha nikatoa msumari mmoja pembeni. Bluu, kandambili ya mama. Mwingine. Nyeusi, ya baba. Nikavirusha chini, karani akavipokea kwenye daftari lake. Halafu nikaenda kwenye kofia, nikatoa mpira mmoja wa nyota, na huo sikuurusha. Nilishuka nao, nikamwekea Baba Riziki kiganjani mwake.

Aliutazama. Nyota ilikuwa imekatwa ncha moja, mahali kisu kilipoteleza siku ile mtoto alipouvuta mkono wa baba yake. Na hapo, juu, palipokuwa hapana mtu, hatua zikaanza. Zikatoka kwenye kofia zikaja upande wa ngazi, mbio, kama mtoto aliyesikia baba yake amefika. Karani akainua kichwa. Hakimu akatazama mawingu. Bibi mzee kwenye kiti chake akatabasamu.

"Anashuka," akasema.

Baba Riziki aliufumba mkono. "Ni mimi nilikata," akasema. "Mutoto alikuwa analia. Mama yake alikuwa anamushika. Nyumba tuliijenga bote. Mi nilidanganya. Muandike ni ya mama yake, mi sitaki kitu mule ndani."

Karani akaandika. Talaka ikapita, na Mama Riziki akabaki na nyumba yake. Mama yake alirudishwa ndani, akapapasa ukuta mmoja mpaka wa mwisho, akalala. Niliirudisha misumari yote siku ileile. Mpira mmoja ulikosekana, ule wa nyota, na Baba Riziki alikuwa ameondoka bila kuaga. Mahali pake nikaweka mpira wa dukani. Haukuvuja. Nilidhani kazi imekwisha na deni langu la viatu limelipwa.

Mwaka huu, baada ya kufungiwa ngazi, Mama Riziki akaja akakaa hapo na beseni yake. Nikamuuliza nyumba inasemaje.

"Nyumba iko, fundi, aksanti. Sasa nikifika penye kona sitazame tena." Akachambua ndakala zisizohitaji kuchambuliwa. "Zamani saa sita Riziki alikuwa anakimbia juu yetu. Mi sikukwambia, ungenicheka. Mama yangu alikuwa anamuimbia. Sasa hakimbie tena. Anarukaruka. Tunasikia mguu mumoja tu. Anaruka, anachoka, anakaa."

Usingizi wangu ukawa mbaya tangu siku hiyo.

Juzi, Jumapili, watu wakitoka kanisani, akaja Baba Riziki. Amekonda, ndevu zimeingia mvi. Yule mwanamke mwingine hayuko naye tena. Anaishi peke yake karibu na Kazimia, nyumba ya manyasi. Hakukaa nilipomwonyesha kiti.

"Fundi, manyasi inaweza kulia?"

"Hapana," nikamwambia. "Manyasi haina sauti. Hata mvua ikinyesha husikii."

"Saa sita ya mchana inalia. Muntu anaruka kwa mguu mumoja. Anazunguka nyumba yote juu, halafu anasimama hapa." Akajigusa kichwani. "Mbele nilifurahi. Nilisema mutoto wangu amenifuata. Sasa siwezi tena, fundi. Anatafuta mguu wake wa pili, na mi njo niko naye mukononi."

Akafungua kiganja. Ilikuwa pale, nyekundu, ncha moja imekatika. Alikuwa ameibeba kila siku tangu ile kesi. Tuligombana juu ya nyumba, tukaita na hakimu, na tulichokigawa ni mtoto.

Nilimwambia airudishe mwenyewe. Akasema hana uso wa kusimama mlangoni pale. Akaniachia, akaenda.

Nimeshasema na Mama Riziki. Anangojea kesho, saa sita kasoro, na atashika ngazi yeye. Mwanangu ametoa ufunguo wa mnyororo kwa sharti moja, kwamba si mimi nitakayepanda, na magoti yamekubaliana naye. Kwa hiyo nawauliza nyinyi. Kazi ni msumari mmoja, mpira ni huu hapa, ushikeni mpitishiane. Atakayekubali avue viatu. Anikanyagie penye misumari. Atoe ule mpira wa dukani, aweke huu, nyota itazame juu.

Na ukisikia mtu anaruka kwa mguu mmoja nyuma yako, usigeuke wala usikimbie, utamtisha. Piga msumari taratibu, ngo, ngo, umpe nafasi asikie ni wapi. Ukisikia miguu miwili, shuka.